Mshirika wa Mia Moja na Kumi na Nne

Jumatatu, tarehe 3 Februari, saa tatu na robo asubuhi, picha ya mia moja na kumi na tatu ilitundikwa ukutani katika Kurugenzi ya Ushirikiano wa Kimataifa ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Kumbaru. Ilitumia misumari miwili. Ndani yake watu wawili walikuwa wameshikana mikono juu ya meza yenye kitambaa cha kijani, na wote wawili walikuwa wakimtazama mpiga picha.

Mtu wa kushoto alikuwa Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Mshindo Kalungwana. Alikuwa wa kushoto katika picha zote mia moja na kumi na tatu. Wa kulia ndiye aliyebadilika. Kila picha ilikuwa na hati yake ya makubaliano, na kila hati ilikuwa na vifungu kumi na viwili kuhusu kubadilishana watafiti, kuandika makala kwa pamoja na kukuza wanataaluma wachanga. Kifungu cha mwisho kilisema kwamba utekelezaji utaanza pande zote zitakapojiridhisha. Pande zote zilikuwa bado zinajiridhisha. Hati ya kwanza ilikuwa katika mwaka wake wa ishirini na mbili wa kujiridhisha. Hati zenyewe zilifungiwa katika kabati la vioo lenye kufuli, ili zisichakae kwa kusomwa.

Dkt. Tausi Ngalemwa, mhadhiri wa somo la wadudu waharibifu wa nafaka, alikuwa amesimama chini ya ukuta huo picha ilipokuwa ikitundikwa, kwa sababu foleni ya kumwona Mkurugenzi ilipita hapo. Chokaa kidogo ilimwangukia begani. Hakuipangusa, kwa kuwa alikuwa ameshika fomu kwa mikono miwili.

Shida yake ilieleweka kwa urahisi. Mwezi wa Desemba, Wizara ya Elimu ya Juu na ya Juu Zaidi ilikuwa imetoa waraka wenye mambo mawili. La kwanza, hakuna mhadhiri atakayepandishwa cheo bila kuwa na ushirikiano wa kimataifa ulio hai. La pili, mhadhiri atakayemaliza miaka tisa bila kupanda cheo atapumzishwa tarehe 30 Juni, na maabara yake itarudishwa chuoni kwa matumizi yenye tija. Dkt. Tausi alikuwa katika mwaka wake wa tisa. Maabara yake ilikuwa chumba namba 12, chenye mapipa arobaini ya mahindi. Kurugenzi ya Ushirikiano ilikuwa imeshakipima chumba hicho mara mbili kwa futi kamba, kwa kuwa ilihitaji ukumbi wa kutilia saini.

Mkurugenzi, Bwana Habili Kondoro, alimpokea kwa ukunjufu. Alikuwa mtu mwema, na hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti.

"Karibu, Dokta, karibu ukae. Habari za wadudu?"

"Wanaendelea, Mkurugenzi. Nimekuja na fomu ya ushirikiano hai."

"Vizuri sana. Unao?"

"Ninao, mwaka wa nne sasa. Nafanya kazi na Dkt. Ilse Brandvik wa kituo cha utafiti cha Sundal, kule Vestramarki nilikosomea. Mimi huku nahesabu dumuzi kwenye mahindi yaliyochanganywa na majivu, na sampuli namtumia yeye apime unyevu na ukungu. Tumeshatoa makala mbili. Ya tatu imekubaliwa na jarida, inatoka mwezi wa Mei."

Bwana Kondoro alisikiliza hadi mwisho, kisha akafungua droo, akatazama ndani, akaifunga.

"Hayo nimeyasikia, Dokta. Mimi nauliza ushirikiano."

"Ndio huo."

"Picha yake iko wapi?"

"Hatukupiga picha. Mara nyingi tunapigiana simu."

"Hati mliyotia saini?"

"Hatukutia saini. Tulianza tu kazi."

Mkurugenzi alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Huo sasa ni urafiki. Usinielewe vibaya, urafiki ni kitu kizuri, hata mimi ninao. Lakini miaka minne yote hiyo, Dokta, mmekuwa mkifanya utafiti kienyeji."

Dkt. Tausi aliuliza afanyeje. Bwana Kondoro alimwambia asihangaike. Kurugenzi ingekwenda Sundal yenyewe, ikautie saini ushirikiano huo kabla haujaharibika.

*

Msafara ulipendekezwa uwe wa watu watatu: Makamu Mkuu, Mkurugenzi na Dkt. Tausi. Ofisi ya Itifaki ilipolipitia pendekezo iligundua kwamba hakuna mtu wa kubeba bendera, ikamwongeza. Kisha ikakumbuka kwamba bendera zingekuwa mbili, yetu na yao, na kwamba mtu mmoja akibeba zote mbili anaweza kuonekana kama ana upande. Akaongezwa wa pili. Akaongezwa mwangalizi wa kitambaa cha meza, kwa sababu safari ya mwaka uliotangulia kitambaa kilikuja kikiwa na mikunjo na hati ikaonekana ya haraka. Waliongezwa pia mpiga picha, msaidizi wake, mwandishi wa hotuba na msomaji wa hotuba endapo sauti ya Makamu Mkuu ingekauka, pamoja na wajumbe wanne wa Baraza la Chuo ambao majukumu yao yaliandikwa "kuwepo". Hapo msafara ukawa umefika watu kumi na wanne. Wizara ilikuwa imeweka kikomo cha watu kumi na wanne, na siku mbili kabla ya safari ikaleta mtu wake wa kuhakikisha kikomo kinazingatiwa. Ikabidi mmoja apunguzwe. Sasa walikuwa kumi na wanne bila ya Dkt. Tausi.

"Lakini mimi ndiye ninayeijua lugha yao," alisema Dkt. Tausi.

"Ndiyo sababu," alijibu Bwana Kondoro kwa upole. "Wewe unawajua tayari. Safari hii ni ya wasiowajua."

*

Tarehe 12 Machi, saa kumi jioni, simu ya Dkt. Tausi iliita. Alikuwa Ilse.

"Tausi, watu wenu wamekuja."

"Mmetia saini?"

"Wametia. Mimi sikutia."

Dkt. Tausi aliketi juu ya pipa namba 22. Ilse alimweleza jambo kwa jambo, kama alivyozoea kueleza vipimo. Kituo chake kilikuwa na vyumba viwili na watafiti wawili, naye ndiye mkuu. Asubuhi hiyo alikuwa ametoka shambani, akawapokea wageni mlangoni akiwa amevaa mabuti ya mpira.

"Walinitazama miguu," alisema. "Wote kumi na wanne. Kisha yule mnene akamwambia mwenzake kitu, na baada ya hapo hakuna aliyezungumza nami tena."

"Ni itifaki," alisema Dkt. Tausi. "Makamu Mkuu hawezi kutia saini na mtu asiyelingana naye cheo."

"Mimi nilikuwa nimeomba chumba pale kwenye jumba la mji, kwa ajili ya meza yenu. Tukaenda. Lakini leo ni siku ya Udugu wa Jibini, unaikumbuka?"

Dkt. Tausi aliikumbuka. Kila Machi watengeneza jibini wa wilaya hiyo walimchagua bingwa wao, wakamvika joho la mahameli jekundu na mkufu wa shaba wenye uzito wa kilo mbili.

"Oskar Hult alikuwa amesimama ukumbini anasubiri wenzake," Ilse aliendelea. "Watu wenu walipoliona lile joho walimwinamia. Wakamketisha. Wakatandika kitambaa. Mimi napiga kelele mlangoni, na mtu mmoja mwenye bendera kanizuia kwa adabu sana."

"Na Oskar akatia saini?"

"Nimemuuliza baadaye. Anasema walikuwa wengi, wamevaa vizuri, na walimwomba kwa heshima."

*

Picha ya mia moja na kumi na nne ilitundikwa tarehe 17 Machi. Chini yake paliandikwa: *Profesa Mshindo Kalungwana na mwenzake, Mkuu wa Chuo Kikuu cha Sundal, wakiweka msingi wa utafiti wa pamoja.* Sundal haikuwa na chuo kikuu. Ilikuwa na kanisa, kiwanda cha mbao na ng'ombe elfu moja na mia nne.

"Mkurugenzi, huyu si mkuu wa chuo," alisema Dkt. Tausi.

"Ana joho."

"Ni joho la jibini."

"Ana mkufu, Dokta. Wa kwetu mkubwa kuliko wote una robo kilo tu."

"Anatengeneza jibini, Mkurugenzi. Nimelila jibini lake nikiwa mwanafunzi."

Bwana Kondoro aliinuka, akafunga mlango, akarudi kuketi. "Dokta Tausi, mwanangu. Unautaka ushirikiano au huutaki?"

"Nautaka."

"Umeletewa. Una saini, una picha. Kilichobaki ni kuuonyesha kwamba uko hai, maana yake makala moja yenye jina lako na jina la mshirika. Hiyo yako ya Mei, ongeza jina lake basi."

"Hakufanya kazi yoyote kwenye makala hiyo."

"Kwani nani kafanya? Jina langu liko kwenye makala kumi na tisa. Moja ni ya upasuaji wa ngamia. Mimi ngamia nimemwona kwenye kalenda."

Dkt. Tausi alijibu kwamba hangeweza kuandika jina la mtu asiyehesabu hata mdudu mmoja. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma kipimajoto. Bwana Kondoro alimtakia kila la heri, na alasiri ile ile akamtuma mtu aende tena na futi kamba chumba namba 12, kuhakikisha mlango unapitisha meza.

*

Jumatatu, tarehe 5 Mei, saa mbili asubuhi, mzee mmoja mrefu mwenye koti la sufu na sanduku la mbao alifika lango kuu la chuo, akamwonyesha mlinzi karatasi. Mlinzi aliisoma yote, kwa hiyo akawa mfanyakazi wa kwanza wa chuo kuisoma hati ya makubaliano. Mzee akataja jina la Dkt. Tausi, naye akampeleka chumba namba 12.

Oskar Hult alikuwa na umri wa miaka sitini na sita. Kabla ya Machi alikuwa ametia saini karatasi mbili tu maishani, ya uanagenzi na ya ndoa, na zote alizitekeleza. Hiyo ya tatu aliipeleka nyumbani, akaifasiri kwa kamusi kwa jioni tisa. Kifungu cha nne kilisema: *Mshirika atamtuma mtafiti kwa muda usiopungua majuma sita.* Kwa kuwa aliyetia saini alikuwa yeye, na hakuwa na mtu mwingine wa kumtuma, alimwachia binti yake ng'ombe, akaja.

"Naomba radhi kwa kuchelewa," alimwambia Dkt. Tausi kwa lugha ya kwao. "Ng'ombe wawili walikuwa wanazaa."

Dkt. Tausi alimpeleka Kurugenzi.

"Mkurugenzi, mshirika wa mia moja na kumi na nne amefika."

"Ilete barua yake."

"Si barua, ni mwenyewe."

Bwana Kondoro aliinua kichwa. Alimtazama yule mzee, akaitazama picha, akamtazama tena yule mzee, ambaye bila joho alionekana mfupi kidogo.

"Amekuja kufanya nini?"

"Kutekeleza."

"Kutekeleza nini?"

"Hati. Kifungu cha nne, majuma sita."

Mkurugenzi alivuta kiti nyuma, akakaa vizuri. "Dokta," aliuliza kwa sauti ya chini, "nani amemruhusu kuisoma?"

Kwa miaka ishirini na mbili Kurugenzi ilikuwa imeandaa fomu kwa kila aina ya mgeni: mgeni rasmi, mgeni wa heshima, mgeni mashuhuri, na mgeni wa kupita. Mshirika aliyekuja kufanya kazi hakuwa na fomu. Baada ya simu sita na kikao kimoja, Oskar Hult aliandikishwa kuwa mgeni wa kupita, kwa muda wa majuma sita. Sherehe ya kumpokea iliahirishwa hadi atakapoondoka.

*

Chumba namba 12 kilikuwa na fundi sanifu wake, Bwana Sudi Chande, aliyekuwa na miaka thelathini na moja kazini na mazoea ya kunywa chai saa nne kamili. Siku ya tatu alimfuata Dkt. Tausi kulalamika.

"Dokta, huyu mgeni wako hapumziki. Nimemwita chai, kaja na kikombe mkononi anahesabu."

"Mwambie akae, Mzee Chande."

"Nimwambie kwa lugha gani? Nimemwonyesha kiti. Kakichukua, kakisogeza karibu na pipa."

"Anahesabu vizuri?"

Mzee Chande alifikiri kwa haki. "Jana nimemhakiki pipa namba tano. Amenishinda kwa dumuzi mmoja, na yule mmoja nilikuja kumwona baadaye, yupo."

Juma la tatu, Oskar Hult aliuliza swali. Alikuwa ameona kwamba sampuli za mahindi zilichotwa juu ya pipa na katikati, basi.

"Mwongozo ndivyo unavyosema," alijibu Dkt. Tausi.

"Kwenye ghala langu la jibini," alisema Oskar, "utitiri hukaa upande unaotazama ukuta. Nimepigana nao miaka arobaini. Wanakwenda mahali ambapo mtu haangalii."

Dkt. Tausi aliinuka. Alivuta pipa namba 1 kutoka ukutani, akachota mahindi ya upande wa nyuma, akayamwaga kwenye sinia jeupe. Dumuzi kumi na mmoja walitembea. Kwa siku nne wote watatu walichota nyuma ya mapipa yote arobaini. Mapipa thelathini na moja, yote yenye zaidi ya miezi minne, yalikuwa na dumuzi hai. Makala iliyokuwa itoke Mei ilisema majivu yanalinda mahindi kwa miezi sita. Sinia zilisema minne.

Mzee Chande aliyatazama mapipa yakiwa yamesimama katikati ya chumba. "Dokta, na tukiyarudisha tu ukutani kama yalivyokuwa?"

"Halafu?"

"Halafu makala inatoka, cheo unapanda, na chumba kinabaki. Dumuzi hawana pa kwenda kusema."

"Mkulima atakayefungua ghala lake baada ya miezi mitano atasema, Mzee Chande."

"Atamwambia nani?"

"Hilo ndilo tatizo lake. Langu ni kwamba nimeshawaona."

Siku hiyo hiyo alimpigia Ilse. Ilse alitukana mara moja kwa lugha ya kwao, kisha akasema lifanyike linalotakiwa. Makala iliondolewa, ikaandikwa upya kwa miezi minne badala ya sita na kwa majina matatu badala ya mawili, kwa sababu sasa mtu wa tatu alikuwa amefanya kazi. Jarida lilishukuru na kujibu kwamba toleo jipya litatoka Septemba. Tarehe 30 Juni haikusogea.

*

Kamati ya Upandishaji Vyeo ilikaa Ijumaa, tarehe 27 Juni, saa nne asubuhi, ikiwa na wajumbe wanane. Majuma sita ya Oskar Hult yalikuwa yameisha siku kumi na moja kabla, lakini hesabu haikuwa imekamilika, kwa hiyo alikuwa ameandikia chuo barua ya kuomba radhi kwa kuzidisha. Aliketi kando ya Dkt. Tausi akiwa na sanduku lake la mbao magotini.

Makamu Mkuu, mwenyekiti wa kamati, alifungua kwa maneno machache yaliyochukua dakika thelathini na tano. Alisema kwamba ushirikiano ni daraja, kwamba daraja lina ncha mbili, na kwamba yeye binafsi amekuwa ncha moja ya madaraja mia moja na kumi na manne. Wajumbe walipiga meza. Kisha fomu ya Dkt. Tausi ikasomwa.

"Makala ya pamoja?" aliuliza Makamu Mkuu.

"Ipo, Mheshimiwa. Inatoka Septemba."

"Kwa sasa basi haipo."

"Kwa sasa haipo. Lakini kanuni inasema, pasipo na makala, mshirika mwenyewe aje athibitishe kazi. Amekuja."

Kanuni hiyo ilikuwepo kweli. Iliandikwa na watu waliokuwa na uhakika kwamba hakuna mshirika atakayekuja. Katibu aliisoma, akathibitisha, akaendelea na kipengele kinachofuata: cheo cha mshirika, kisiwe chini ya profesa.

"Mwulize mgeni wetu, Dokta," alisema Makamu Mkuu, akimpa Oskar Hult tabasamu la picha, "cheo chake cha kitaaluma."

Katika chumba kile watu wawili tu waliijua lugha ya Vestramarki, na mmoja wao ndiye aliyekuwa akiulizwa. Dkt. Tausi aliuliza. Oskar alijibu kwa maneno mawili.

"Anasema anatengeneza jibini," alisema Dkt. Tausi.

Bwana Kondoro, aliyekuwa mjumbe wa kamati kwa wadhifa wake, alifumba macho.

"Unyenyekevu!" alisema Makamu Mkuu. "Mnaona, ndugu wajumbe? Msomi akikomaa hivi ndivyo anavyosema. Katibu, andika profesa."

"Si unyenyekevu, Mheshimiwa Makamu," alisema Dkt. Tausi. "Ana ng'ombe kumi na tisa na ghala. Jibini lenyewe amekuja nalo."

Oskar Hult, aliyeona watu wote wanamtazama, alidhani wameliomba. Alifungua sanduku, akatoa gurudumu la jibini la kilo nne, akaanza kulikata.

"Andika profesa," alirudia Makamu Mkuu, bila tabasamu.

"Chini ya fomu panatakiwa saini yangu kwamba yaliyoandikwa ni kweli," alisema Dkt. Tausi. "Akiandikwa profesa sitatia saini. Huyu bwana amehesabu dumuzi elfu sita na mia mbili, na amenionyesha kosa ambalo sikuliona kwa miaka minne. Hayo nitayatilia saini. Uprofesa hana."

"Mama, mama," Bwana Kondoro alinong'ona kutoka upande wa pili wa meza, "tia saini, mwanangu. Utakosa vyote."

Makamu Mkuu alimwelekeza Katibu aandike kwamba mwombaji amekosa sifa na kwamba chumba namba 12 kirejeshwe. Katibu alishika kalamu. Hapo Wakili Tatu Mgosi, mwanasheria wa chuo, akaomba kuweka jambo sawa.

"Kanuni ya tisa ya itifaki," alisema. "Makamu Mkuu hatatia saini na mtu asiyelingana naye cheo. Akitia, tukio hilo litahesabiwa halikutokea."

"Sawa. Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo, Mheshimiwa, tukimnyima mwombaji kwa sababu mshirika si profesa, tunakuwa tumeandika kwenye kumbukumbu kwamba tukio la Sundal halikutokea. Likiwa halikutokea, hakukuwa na safari. Pasipokuwa na safari, watu kumi na wanne hawakwenda, posho zao zinadaiwa, na kisheria hawajarudi."

Kamati ilianza kufikiri. Wakati wa kufikiri, sahani ya jibini ilizunguka meza. Wajumbe watano kati ya wanane walikuwa wamekwenda Sundal, na wale watatu ambao hawakwenda walikuwa na safari zao. Mtu wa Wizara, aliyealikwa kusikiliza, alichukua kipande cha pili.

"Kuna njia ngapi?" aliuliza Makamu Mkuu.

"Mbili. Ama safari haikufanyika, ama kutengeneza jibini ni cheo kinacholingana na cha kwako."

Profesa Kalungwana alikitazama kipande kilichokuwa mbele yake. Alikionja. Alikaa nacho mdomoni kwa muda uliompendeza kila mtu aliyemheshimu. Kisha akasimama.

"Ndugu wajumbe," alisema, "elimu ni nini? Si subira? Si kuweka kitu mahali penye baridi na kungoja? Chuo hiki hakikuwahi kuogopa mawazo mapya. Natoa hoja kwamba, kuanzia leo, Mtengeneza Jibini awe ni cheo cha kitaaluma katika Jamhuri ya Kumbaru, sawa na Makamu Mkuu, na kwamba kitambulike kuanzia tarehe kumi na mbili Machi."

Katibu aliandika kwenye fomu, mahali pa cheo cha mshirika: *Mtengeneza Jibini.* Dkt. Tausi alisoma neno kwa neno, akaona ni kweli, akatia saini. Hoja ya kumpandisha kuwa Mhadhiri Mwandamizi na kumwachia chumba namba 12 ilipigiwa kura mara moja. Wajumbe saba walikubali. Wa nane hakuhesabiwa, kwa sababu alikuwa bado anatafuna. Barua ilichapwa papo hapo, ikagongwa muhuri saa saba na dakika ishirini na tano mchana, na Dkt. Tausi akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa koti lake la maabara.

Wajumbe walipoanza kukusanya makabrasha, Makamu Mkuu aliinamia upande wa Dkt. Tausi.

"Dokta, hebu niulizie jambo dogo," alisema kwa sauti ya chini. "Huko kwao, mtu anachukua miaka mingapi kukifikia cheo hicho?"

Dkt. Tausi aliuliza. Oskar Hult alihesabu kwa vidole, akajibu.

"Kumi na miwili, Mheshimiwa. Na mwalimu wake alimrudisha mwanzo mara mbili."

Profesa Kalungwana, ambaye uprofesa wake ulichukua miaka mitano, alinyooka. Alimwambia Katibu kwamba swali hilo halikuulizwa. Katibu akalikata kwa mstari mmoja, na saa saba na dakika arobaini kikao kikafungwa.